Kijapani cha Samweli Shilinde

Kila asubuhi, kabla ya kupanda baiskeli kwenda mjini Tabora, Samweli Shilinde aliketi mbele ya nyumba yake ya Kwihara, mgongo ameupa ua, akisubiri mama yake amalize kuogeshwa. Hakuwa na kazi pale. Chai alikwisha kunywa, baiskeli alikwisha kuifuta. Lakini hakutaka kuondoka bila kumuaga mama, na kwenda uani hakuweza, kwa sababu mwanamume mzima hasogelei mahali ambapo mama aliyemzaa amevua nguo. Kwa hiyo alikaa na kusikiliza.

"Mke mwenza, maji haya ni ya moto. Unataka kunichemsha unile?"

"Nile nini hapo? Mifupa mitupu. Sijui mume wetu aliona nini kwako."

"Aliviona kabla hujazaliwa. Ndiyo maana roho inakuuma."

Halafu vicheko viwili kwa pamoja, kimoja cha kizee chenye kikohozi ndani yake, kingine cha msichana. Yule mzee ni Bibi Siwema, mama yake Samweli, ambaye upande wake wa kulia ulikufa ganzi tangu alipoanguka shambani. Yule msichana ni Julieth, binti wa Samweli. Mama yake Julieth, Stela, alikwisha kufariki, na kaka yake yuko Dar es Salaam, ambako hutuma sauti kwenye simu akisema anakuja Krismasi. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na watu watatu, na kati yao mmoja tu ndiye aliyeruhusiwa kumwogesha Bibi Siwema.

Wanyamwezi wa zamani walilipanga jambo hili kwa akili. Mtoto wa kuzaa anamheshimu mama yake mpaka anaogopa kivuli chake. Mjukuu ndiye mtani. Mjukuu wa kike ni mke mwenza wa bibi yake, wote wawili wameolewa na babu, na mke mwenza anaweza kusema lolote, kushika popote, kucheka chochote. Mzee akirudi utotoni, akihitaji kuvuliwa na kusuguliwa na kufutwa, anaangukia mikononi mwa mtu ambaye amekuwa akitukanana naye tangu mtu huyo alipojua kusema. Siku hizi wajukuu wa mjini wanamwamkia bibi huku macho yakiwa kwenye simu, na mzee wa watu hajui kama ni yeye aliyeamkiwa au ni simu. Kwihara mambo hayo yalikuwa bado kufika nyumba zote. Kwa Samweli hayakuwa yamefika.

"Mwangaluka, mayu," Samweli alimwamkia mama yake kwa Kinyamwezi alipotolewa, amefungwa kanga safi, ananukia sabuni.

"Mwangaluka, baba. Nenda kawafundishe Wajapani wako."

Ndivyo alivyosema kila siku, ingawa alijua vizuri kwamba kati ya anaowafundisha mwanawe hakuna Mjapani hata mmoja.

Kijapani kilimwingia Samweli kupitia redio. Marehemu baba yake alikuwa fundi wa reli, na nyumbani kulikuwa na redio ya National yenye mfuko wa ngozi. Samweli akiwa mtoto wa shule ya msingi, akitafuta mpira kwenye masafa mafupi, alinasa sauti ya mwanamke akisema kwa Kiswahili kwamba hapa ni Tokyo. Baada ya habari zilikuja dakika chache za somo. Hii ni nini? Hiki ni kitabu. Yule ni nani? Yule ni mwalimu. Kijana akayarudia maneno yale na yakamkaa mdomoni, silabi moja moja, kila moja ikiishia wazi kama maneno ya kwao. Hakuna aliyemuuliza kwa nini anayapenda, na kama angeulizwa asingekuwa na jibu. Mwingine hupenda njiwa, mwingine ngoma. Yeye alipenda hilo.

Aliandika barua Tokyo na akatumiwa kitabu chembamba chenye picha. Mtihani wa kidato cha nne ulimshinda, akawa fundi redio kwenye kibanda kata ya Mtendeni, na kila jioni alizima redio za wateja na kuwasha yake. Mhandisi mmoja Mjapani aliyekuja upande wa Igunga kuchimba visima alizungumza naye alasiri mbili nzima, akamwachia kamusi, akamwambia huku akicheka: "Unaongea kama mtangazaji wa zamani." Samweli aliyachukua maneno yale kama cheti, maana cheti kingine hakuwa nacho.

Mtaani walimwita Mjapani. "Mjapani, basi tutengenezee hata Toyota moja," walimwambia wauza mitumba wa jirani. Alicheka nao. Watoto wake walipokuwa wadogo aliwasemesha Kijapani pale kibandani, kwa kukosa mtu mwingine wa kusema naye. Mvulana alikimbia kucheza. Julieth alibaki, akimpa skrubu na kumjibu.

Kisha redio zikaisha. Watu waliacha kutengeneza vitu, vikiharibika wanavitupa na kununua vingine vibovu zaidi. Masafa mafupi yakabaki na mikwaruzo. Kuna mwaka walikuja watalii wa Kijapani kuona lile tembe, nyumba aliyokaa Livingstone zamani, pale Kwihara. Samweli alivaa shati lililopigwa pasi, akaenda, akainama vizuri, akafungua mdomo. Yule mtalii alitabasamu, akainua simu, na simu ikamjibu Samweli kwa Kiswahili kibovu kwamba inafurahi kukutana na wewe. Alirudi nyumbani kwa miguu, akisukuma baiskeli, kama aliyepasukiwa tairi.

Basi alikuwa ameshakata tamaa, nywele zimekuwa nyeupe, siku Alois alipoingia kibandani. Alois alikuwa kijana wa Urambo aliyeanza maisha kama karani kwenye kituo cha kununulia tumbaku. Alikuwa na ulimi mwepesi na viatu vyenye ncha.

"Shikamoo, mzee. Wewe ndiye Mjapani?"

"Marahaba. Mimi ni fundi redio."

"Nimeambiwa unakijua kile Kijapani. Kule kwao wazee wamejaa, vijana hakuna. Wanataka watu wa kuwatunza. Nimekodi chumba, wanafunzi ninao, mwalimu wa kutoka Dar ameniringia."

"Sina cheti."

"Wenye vyeti wako Dar, mzee. Mimi nina wewe."

Hivyo ndivyo Samweli Shilinde alivyopata kazi aliyoiota tangu utoto, akiwa na umri ambao wenzake wa serikalini wanasubiri kustaafu. Chumba kilikuwa ghorofani, juu ya duka la magodoro. Siku ya kwanza alipoandika ubaoni, akageuka na kukuta vijana wote wanainakili herufi yake, machozi yalimlenga. Alijifanya chaki imemwingia machoni.

Furaha ile haikudumu. Katika kamusi ya mhandisi Samweli alikuwa amependa maneno ya theluji inayoanguka bila upepo, na ya mwezi unaoonekana nusu nyuma ya wingu. Sasa kazi ilitaka mengine. Inua mkono. Geuka ubavu. Umepata choo leo? Maji yana joto la kutosha? Vijana walitoka Ulyankulu, Nzega, Igunga, watoto wa wakulima na wafugaji, na waliyameza maneno hayo kama dawa, wakiwa wamefumba macho.

"Unapenda nini katika lugha hii?" Samweli alimuuliza siku moja kijana mcheshi wa Ulyankulu aitwaye Egidi.

"Mshahara wake, sensei," alijibu, kama walivyozoea kumwita mwalimu kwa Kijapani.

Darasa zima likacheka, na Samweli naye, maana jibu lilikuwa la kweli. Lakini njiani kurudi Kwihara aliwaza kwamba kila aliyekaa kwenye viti vile ana bibi mahali fulani, na kwamba anachofanya yeye kila siku kwa chaki yake ni kuwafundisha wajukuu wa Unyamwezi namna ya kumwita bibi mtu mwingine. Alichoka. Si miguu iliyochoka, wala si macho.

Asubuhi moja alipoingia darasani alimkuta Julieth kwenye safu ya nyuma, daftari limefunguliwa. Hakuwa amemwambia neno. Samweli aliita majina. Alipofika kwake, Julieth alisimama kama wengine na kusema kwa Kijapani kwamba yupo, sensei.

Jioni ile walikaa jikoni. Julieth alikuwa anachambua mchicha. Bibi Siwema alikuwa amelala chumbani.

"Ungeniambia," alisema Samweli.

"Ungekataa, baba."

"Sikatai. Nauliza tu. Bibi yako ataogeshwa na nani?"

Julieth aliendelea kuchambua. Alikuwa msichana wa mikono mikubwa, mpole, asiyepandisha sauti. "Wenzangu wote wana mahali wanapokwenda, baba. Mwingine Mwanza, mwingine Dodoma, mwingine ameolewa. Mimi naamka, nachemsha maji. Kesho naamka, nachemsha maji. Simchukii bibi. Kama angekuwa anasafirishika ningembeba mgongoni twende naye."

"Mgongoni."

"Wewe mwenyewe ulinisimulia hii njia ya misafara inayopita hapa. Ulisema mwanamume wa Unyamwezi ambaye hajabeba mzigo mpaka Bagamoyo alikuwa hahesabiwi. Hata mke hapati."

"Walirudi wale. Walirudi na nguo na chumvi, wakalima."

"Na mimi nitarudi."

"Watu wa siku hizi hawarudi, Julieth. Kaka yako yuko Dar tu, hapo tu, treni moja, na hajarudi."

Julieth aliuosha mchicha, akauweka motoni. Samweli alikaa na swali lake. Hata kumkataza hakuweza. Msichana alikuwa akijua Kijapani kuliko darasa zima, na aliyemfundisha ni nani?

Wiki zikapita. Alois alitangaza kwamba mwenye nyumba moja ya kutunzia wazee, huko Japani kaskazini kwenye theluji, anakuja mwenyewe kuchagua watu. Aliwataka wachache. Alois alipaka chumba rangi, akakodi viti vyenye mito. Samweli aliambiwa atakuwa mkalimani, avae koti.

Mgeni alikuwa Bi Hirose, mwanamke mfupi wa makamo, nywele za mvi zimekatwa fupi, amefuatana na karani wake kijana. Samweli alimsalimu kwa yale maneno aliyoyatunza miaka yote. Bi Hirose alimwangalia kwa mshangao, akainama zaidi ya alivyokuwa amekusudia.

"Nilipokuwa mtoto, redio yetu iliongea hivi hivi," alisema.

Jambo hilo lilimfurahisha Samweli, na lilimuuma pia.

Bi Hirose hakutaka maswali ya vitabuni. Aliketi kwenye kiti katikati ya chumba, akavua viatu, akauacha mkono mmoja uning'inie kama umekufa. Alisema yeye sasa ni mzee, hapa ni bafuni, na kila mmoja aje amwandae kuoga. Esperansi wa Urambo alikuja kwanza, akainama, akaomba ruhusa, akauliza kama maji yana joto la kutosha. Sawasawa kabisa. Egidi alisahau neno moja lakini alikuwa na heshima. Walipita mmoja mmoja, wote wakiwa wapole kama watu wa benki, na Bi Hirose alisema asante kwa kila mmoja, sauti ileile.

Kisha Julieth. Alipiga magoti mbele ya kiti na Samweli akaona uso wake umekauka. Maneno ya darasani yalikuwa yamemkimbia. Lakini mikono haikumkimbia. Aliushika ule mkono uliokufa kwa chini, kwenye kiwiko, kama anavyoushika wa bibi yake, akaweka bega lake mahali pa kuegemewa, na mdomo ukaifuata mikono.

"Haya, mke mwenza," alisema kwa Kijapani safi. "Inuka ukaoge. Unanuka kama beberu. Mume wetu atatukimbia sote wawili kwa ajili yako."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajiziba. Karani wa Bi Hirose aliacha kuandika. Alois, ambaye hakuelewa neno, alielewa nyuso, akatoka jasho. Bi Hirose aliutoa mkono wake taratibu, akauweka pajani. Julieth alibaki amepiga magoti, na hapo tu ndipo alipojisikia alichosema. Alimtazama baba yake.

"Mwalimu," alisema Bi Hirose, "nieleze. Amenitukana?"

Samweli alisimama na koti lake. Jibu lilikuwa jepesi. Angesema ndiyo, samahani sana, kijana ameshikwa na woga, na yote yangeisha hapo. Kesho asubuhi maji yangechemshwa Kwihara kama kawaida, na kicheko kingesikika ua wa nyuma. Hata uongo usingekuwa uongo mkubwa. Angenyamazia tu vipande viwili vitatu. Julieth alikuwa bado anamtazama, na hakuomba kitu.

Samweli alianza kusema. Alianza polepole, kisha maneno yakaja yenyewe. Alisema kwetu mtoto hamgusi mzazi wake aliye uchi, anamwogopa. Anayemwogesha mzee ni mjukuu, na mjukuu ndiye peke yake aliyepewa ruhusa ya kumtukana. Alisema mzee akivuliwa nguo na kuoshwa kwa maneno ya heshima, anajua kwamba amekwisha kuwekwa upande wa maiti, maana maiti ndiyo inayooshwa kwa heshima. Lakini akitukanwa naye akarudisha tusi, bado yumo. Tusi lile ndilo kanga yake wakati hana nguo. Alisema binti huyu hajafundishwa hivyo darasani, amefanya anavyofanya kila siku, na kama Bi Hirose anaona amevunjiwa heshima basi kosa ni la mwalimu, kwa kuwa hakumwambia kwamba heshima ya huku na ya huko hazivai nguo moja.

Hakuwahi kusema Kijapani kirefu namna ile maishani mwake. Kila neno lilikuja mahali pake. Miaka yote ya redio, kitabu chembamba, alasiri mbili za mhandisi, vyote vilitoka pale ghorofani juu ya magodoro, na alipomaliza alijua kwamba ameshampoteza Julieth.

Bi Hirose aliangalia mkono wake pajani.

"Mama yangu alifia katika nyumba yangu mwenyewe ya wazee," alisema. "Walimwogesha vizuri sana. Kwa maneno mazuri sana." Kisha akauliza: "Na mama yako wewe, mwalimu? Yu hai?"

"Yu hai."

"Anaogeshwa na nani?"

"Na huyu."

Bi Hirose alimtazama Julieth, akamtazama Samweli. "Kwa hiyo nikimchukua?"

"Tutapata mtu," alisema Samweli.

Walichaguliwa Esperansi, Egidi, wengine wawili, na Julieth. Alois alimkumbatia Samweli mpaka koti likakunjamana. "Mzee, uliwaambia nini? Niliona tumekwisha, kumbe umewaroga!"

"Niliwaambia ukweli," alisema Samweli. "Niache nikae."

Bibi Siwema aliambiwa na Julieth mwenyewe, wakiwa uani, na Samweli mbele ya nyumba alisikia tu mama yake akisema, "Nenda, mke mwenza. Mume wetu ataniangalia kwa zamu yako," na baada ya hapo maji yakamwagwa kwa muda mrefu. Mpaka Julieth alipopanda treni ya Dar hakuna aliyelitaja tena jambo hilo.

Mtu alipatikana. Padri wa parokia alimwelekeza Samweli kwa Godeliva, mjane kutoka Ulyankulu, mwanamke safi, mchamungu, mchapakazi, aliyewahi kuuguza wengi. Alifika alfajiri, akachemsha maji, akamsaidia mama kwenda uani. Samweli aliketi mbele ya nyumba, baiskeli imeegemea ukuta. Alisikia kata ikigonga ndoo. Alisikia maji. "Samahani, bibi, nyanyua mguu." Maji tena. "Asante, bibi."

Mama alipotolewa alikuwa anang'aa, kanga imefungwa vizuri kuliko zamani.

"Mwangaluka, mayu. Umeogaje?"

"Ana mikono mizuri," alisema Bibi Siwema. Alitazama uwanjani, ambako hakukuwa na kitu. "Ananiosha kama sahani."

Siku hiyo hakumwambia neno juu ya Wajapani wake. Wala kesho yake. Chakula alianza kukiacha nusu. Samweli alivumilia siku kadhaa, kisha akamfuata Godeliva alipokuwa anaanika taulo, akasimama mbali kidogo, akakohoa.

"Dada Godeliva. Nina ombi, na ni la aibu. Ukiwa naye huko uani, ungeweza kumtania? Mtukane kidogo. Amezoea."

Godeliva aliliacha taulo kwenye kamba. Hakucheka, wala hakukasirika. Alilifikiria ombi lile kama mtu anayepima kama gunia litaingia mlangoni.

"Mimi si mjukuu wake, kaka," alisema. "Nikimtukana mimi, nitakuwa nimemtukana kweli. Na yeye atajua hivyo."

"Ni kweli," alisema Samweli.

"Nitamwimbia nyimbo za kanisani, kama ataruhusu."

"Mwimbie."

Alichukua mfuko wake wa chaki, akaufunga kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, akaingia barabara ya vumbi ya kwenda mjini. Habari za waliochaguliwa zilikuwa zimefika mpaka Igunga, na chini ya ngazi za duka la magodoro alikuta vijana wapya wamejaa, wengine wamesindikizwa na bibi zao. Alois alikuwa anapandisha viti vingine juu.